Je, Asante Inaweza Kuwa Biashara?

 

Katika mafunzo ya wafanyabiashara wadogo yaliyofanyika hapa makazini, mwalimu aliwafundisha mama zetu wa kikundi cha ushonaji jambo ambalo limezua maneno mengi. Aliwaambia: mkichukua vitambaa kwa mkopo katika duka la jumla kule Mbarara, na mkiisha kulipa, mwandikieni mwenye duka barua fupi ya shukrani. Iwe ya mkono, kwa kalamu, si ujumbe wa simu. Atawakumbuka, na siku nyingine mkija kuomba mali hatawakatalia. Hapo mama mmoja akainua mkono akauliza, "Mwalimu, tunashukuru kwa kuwa tumetendewa mema, ama tunashukuru ili tupewe tena?" Watu walicheka, lakini swali halikuisha na kicheko. Limeulizwa katika maombi ya Jumatano, limeulizwa kwenye bomba la maji, na sasa limefika kwenye ukurasa huu.

Wengine wanasema ni unafiki, Mkristo asishike kalamu akiwa na nia mbili. Wengine wanasema ni adabu tu, kwa nini tuitafutie dhambi? Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zimeharakisha.

Kwanza tukumbuke biashara yetu inasimama juu ya nini. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kufungua biashara, na kwa hilo tuko mbali na ndugu zetu walioko katika nchi nyingine. Lakini ruhusa si mtaji. Tangu mwaka 2023, Shirika la Chakula Duniani lilipoanza kuzigawa nyumba katika makundi kulingana na mahitaji, wengi wamepunguziwa mgao na wengine wameondolewa kabisa, kwa hiyo mwenye cherehani, mwenye meza ya nyanya na mwenye duka la sabuni hawafanyi tena biashara ya kuongezea tu. Ndiyo inayopika. Na mali inatoka Mbarara. Kiwanja tunacholima tumepewa kukitumia, hatuwezi kukipeleka benki kuwa rehani. Mwenye duka la jumla anapompa mama wa kwetu jora za vitenge kwa kuandika jina lake tu katika daftari, anakuwa hana kitu cha kumshika. Anashika jina lake.

Na jina hilo si la mtu mmoja. Mmoja akikimbia na deni, wote wanaokuja nyuma yake wanaulizwa, "Na wewe pia umetoka Nakivale?" Mmoja akilipa vizuri, mlango unabaki wazi kwa mwingine ambaye hata hamjui. Kwa hiyo swali la yule mama lina uzito kuliko adabu ya barua. Likipotoka, shukrani zetu zikawa ujanja wa kupata mkopo, watu wa Mbarara watagundua mapema, maana wao si watoto, na baada ya hapo hata asante ya kweli haitasikika.

Sasa tufungue Maandiko. Katika Matendo ya Mitume sura ya 18 tunasoma habari za Akila na Prisila. Mara nyingi tunawataja kama watumishi wa kanisa, na tunasahau walifikaje Korintho. Walikuwa wamefukuzwa Rumi kwa amri ya Kaisari Klaudio, iliyowataka Wayahudi wote watoke mjini. Wanahistoria wengi huiweka amri hiyo yapata mwaka 49. Walikuwa watu waliohamishwa, kama sisi. Walipofika mji wa kigeni wakafungua kazi waliyoijua, ya kushona mahema, na Paulo akakaa kwao akafanya kazi pamoja nao kwa sababu ufundi wao ulikuwa mmoja. Kwa maneno ya hapa kwetu, ilikuwa karakana ya wakimbizi iliyomwajiri fundi mgeni.

Miaka michache baadaye Paulo anawaandikia Warumi, na mwishoni mwa barua anawataja wale wawili (Warumi 16:3-4). Wakati huo walikuwa wamerudi Rumi. Anasema walihatarisha shingo zao kwa ajili ya maisha yake, na kwamba si yeye peke yake anayewashukuru bali makanisa yote ya Mataifa. Hiyo ni barua ya shukrani kwa watu waliokuwa wenzake katika kazi ya mikono. Tazameni kilichomo na kisichokuwemo. Anataja jambo lenyewe walilofanya. Anawashukuru mbele za watu wengine, ambao barua itasomwa wakisikia. Haongezi kwamba wamwekee nafasi tena katika karakana. Ni kweli kwamba katika barua hiyo hiyo Paulo ana mahitaji. Anawaeleza Warumi kwamba anataka kwenda Hispania na anatumaini watamsaidia njiani (15:24). Lakini ombi hilo analiweka mahali pake, waziwazi, mbele ya kanisa zima, wala hakulifunga ndani ya asante ya Prisila na Akila.

Mahali pengine anafika karibu zaidi na swali letu. Wafilipi walimtumia msaada gerezani kwa mkono wa Epafrodito, naye anawajibu katika sura ya 4. Wasomaji wengi wameshangaa jinsi anavyozunguka kabla ya kufika kwenye shukrani. Anasema amefurahi, kisha anasema amejifunza kuridhika hata akiwa na njaa, kisha anasema wamefanya vema, kisha anaeleza kwamba hakitafuti kile kipawa. Kwa nini anazunguka hivyo? Tunadhani ni kwa sababu aliijua hofu ya yule mama wa ushonaji. Hakutaka asante yake isikike kama mkono uliokunjuliwa tena. Na bado, maneno anayotumia ni ya sokoni! Anazungumza juu ya hesabu ya kutoa na kupokea, na neno la Kiyunani analotumia kusema kwamba amepokea vyote ndilo lililoandikwa na wafanyabiashara wa zama zile kwenye risiti. Risiti za namna hiyo zimefukuliwa nyingi katika mchanga wa Misri, za kodi, za ngano, za kukodisha ardhi. Mtume aliandika risiti na shukrani katika sentensi moja, wala hakuona aibu. Kwa hiyo wale wanaosema mambo ya pesa na mambo ya moyo yasikae katika karatasi moja, wazungumze kwanza na Paulo.

Kuhusu mkono pia tuseme kidogo. Barua kwa Warumi iliandikwa na Tertio, Paulo akisema naye akiandika. Lakini katika barua kwa Filemoni, anapofika kwenye deni la Onesimo, Paulo anachukua kalamu mwenyewe na kueleza kwamba ameandika kwa mkono wake kwamba atalipa (mstari wa 19). Mwandiko ulikuwa ahadi. Mtu aliyeandika kwa mkono wake angeweza kuonyeshwa karatasi ile na kuulizwa, je, huu si mkono wako? Tunadhani ndiyo sababu barua ya kalamu bado ina nguvu hata leo ambapo kila mtu ana simu. Ujumbe wa simu unaweza kuutuma kwa watu hamsini ukiwa umelala. Barua ya mkono inaonyesha kwamba kwa robo saa nzima hukuwa ukifanya kitu kingine. Mwenye duka anaiweka katika droo pamoja na risiti zake, na mwandiko uliopinda unamwambia kitu ambacho mashine haiwezi kumwambia.

Turudi kwenye nia. Katika sura ile ile ya 18 ya Matendo, Paulo anashtakiwa mbele ya Galio, liwali wa Akaya. Galio huyo alikuwa na ndugu yake mdogo, Seneka, mwanafalsafa wa Rumi, ambaye aliandika vitabu saba juu ya fadhila: namna ya kuzitoa, kuzipokea na kuzirudisha. Seneka hakuwa Mkristo, lakini katika jambo hili alikuwa mkali kuliko wahubiri wengi. Kwake, mtu anayeshukuru huku akikodolea macho zawadi ijayo ni mtu asiye na shukrani kabisa. Tunaheshimu ukali huo, lakini tunamwona Seneka kama mtu ambaye hakuwahi kukosa mtaji. Alikuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa Rumi. Mama mwenye watoto watano hawezi kusahau kitenge kijacho hata akijaribu. Akimshukuru mwenye duka saa mbili asubuhi, saa tatu atawaza sare za shule. Hatumwambii asiwaze. Tunamwambia asiandike alichowaza kama kwamba ni kitu kingine.

Hapa ndipo tunapoona njia. Asante haichafuliwi na tumaini la kufanya kazi tena pamoja. Karibu kila urafiki wa biashara una tumaini hilo, la pande zote mbili, na yule wa Mbarara naye anatumaini kwamba utarudi kununua kwake wala si kwa jirani yake. Asante inachafuliwa pale inaposema uongo, au inapogeuka kuwa mtego wa kumfanya mtu aone aibu kukataa. Kwa hiyo wakati wa kuandika una maana kubwa. Barua iliyofika siku deni limekwisha, bila ombi lolote ndani yake, inamwacha mwenye duka huru. Barua hiyo hiyo ikifika na orodha ya mali unayotaka imekunjwa ndani ya bahasha moja, basi ni orodha ya mali, na maua yamewekwa juu. Subiri. Ombi lako liende wiki nyingine, kwa mdomo wako, naye akikataa, ile asante bado ni ya kweli.

Kuna mtu mmoja wa Marekani anayetajwa sana katika vitabu vya biashara, Joe Girard, muuzaji wa magari karibu na Detroit. Kati ya mwaka 1963 na 1978 aliuza magari 13,001, na kitabu cha Guinness kikamtambua. Inaelezwa kwamba kila mwezi alituma kadi kwa wateja zaidi ya 13,000, na ndani yake maneno machache yale yale ya kuwaambia kwamba anawapenda. Walimu wa biashara wanamsifu. Sisi hatusemi alikuwa mtu mbaya, na magari aliuza. Lakini mtu hawezi kuwapenda watu 13,000 kila mwezi kwa maneno yale yale. Hilo ni tangazo, na tangazo si dhambi likiitwa tangazo. Mama akitaka kutangaza kwamba anashona sare, abandike karatasi mlangoni. Asiiite shukrani.

Tuna neno jingine ambalo ni gumu, na tumejadiliana sana kabla ya kuliandika. Wako kati yetu waliochoka kushukuru. Mkimbizi anatakiwa kushukuru kila siku. Mgeni akija na gari, watoto wanapangwa na kuimba. Ukipewa ndoo unapigwa picha ukitabasamu. Watoto wanaofadhiliwa wanaandika barua kwenda ng'ambo, na baadhi yao wanamwandikia mtu wasiyejua sura yake, kwa maneno yaliyoandikwa ubaoni na mwalimu. Hatukatai kwamba wafadhili wengi wanatupenda, na barua nyingine za watoto ni za kweli kabisa. Lakini mtu akizoea kulipa asante kama ushuru wa kuingia mlangoni, mwishowe neno hilo linakauka mdomoni. Ndugu mmoja alituambia, "Nimesema aksanti, nimesema murakoze, nimesema webare munonga, nimesema mahadsanid. Nani ameniambia mimi?"

Ndiyo maana tunaipenda barua ya biashara kuliko wengine wanavyofikiri. Mama aliyemaliza deni lake halazimiki kumshukuru mtu yeyote. Amelipa. Kisheria na kidaftari wako sawa, yeye na mwenye duka. Akichukua kalamu siku hiyo, anaandika kama mtu anayesimama sawa na mwenzake, akimwambia: nilikuona uliponiamini. Shukrani ya namna hii wengi wetu hatujaitoa tangu tulipovuka mpaka, kwa kuwa tumekuwa tukishukuru tukiwa chini. Wala mwenye duka si mfadhili wetu. Naye anapata. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliochunguza uchumi wa wakimbizi hapa Uganda, Nakivale ikiwemo, walichapisha mwaka 2014 kwamba katika jiji la Kampala wakimbizi 21 kati ya kila 100 walikuwa na biashara iliyoajiri angalau mtu mmoja, na kwamba kati ya hao walioajiriwa, 40 kwa kila 100 walikuwa raia wa Uganda. Tunapokea, na tunatoa pia. Hesabu ya kutoa na kupokea, kama Paulo alivyosema na Wafilipi.

Mnaona basi kwa nini hatuungi mkono ile barua ambayo noti imekunjwa ndani yake. Wote mnajua tunazungumza juu ya nini. Kule Kongo tulikuwa na majina mengi ya kitu hicho, na hapa wanaita chai. Muuzaji akikuongezea matabishi juu ya kilo ya maharagwe, hiyo ni furaha ya soko, kila mtu anaiona. Lakini ofisa anayetia muhuri karatasi yako amefanya kazi yake, na haki yako si zawadi yake. Mwambie asante kwa mdomo, kwa heshima, kama unavyomwambia mtu yeyote. Ukimwandikia kwamba alikuhudumia vizuri, vema, na nakala impate mkubwa wake. Bahasha iwe na karatasi tu. Kutoka 23:8 haina maelezo mengi, someni wenyewe.

Na kuna jaribio moja tunalopendekeza kwa kila anayeandika barua hizi. Chukua majina ya wote uliowaandikia. Je, wote wana ghala? Yuko wapi kijana wa boda boda aliyekuletea jora la kitambaa usiku, mvua ikinyesha, na hakuongeza bei? Yuko wapi mpagazi wa sokoni Mbarara aliyekurudishia simu uliyoisahau juu ya gunia? Jirani aliyekaa na mtoto wako siku nne? Bwana alifundisha tusialike tu wale wawezao kutualika (Luka 14:12-14), na karatasi ya daftari ni nafuu kuliko karamu. Mwalimu wa semina hakuwataja hawa, kwa kuwa hawatoi mkopo. Wale wenye ukoma kumi katika Luka 17 pia walikuwa wamekwisha kupata walichotaka, na aliyerudi alikuwa mmoja, tena Msamaria, mgeni.

Kipimo kikubwa zaidi ni kwa wanaoondoka. Tangu zamani wenzetu wamekuwa wakipelekwa nchi za mbali, na tumeona namna mbili za kuondoka. Wengine waliuza godoro wakapita usiku, na daftari la mtu likabaki na jina lao. Wengine walizunguka kutwa nzima wakilipa, na mahali pengine wakaacha kibarua cha asante kwa mtu ambaye hawatamwona tena, ambaye hawezi kuwapa kitu tena. Januari 2025 Marekani iliposimamisha kupokea wakimbizi, watu waliokuwa wamekwisha kuaga walijikuta wamerudi katika soko lile lile. Hatusemi Mungu alifuta safari ili kuwafundisha adabu. Wale waliolipa walifutiwa safari pia, na machozi yao yalikuwa sawa. Tunasema tu kwamba ilikuwa rahisi kwao kuvuka ile barabara na kuingia dukani.

Mnaogopa kwamba barua itaonekana ya ajabu, au kwamba Kiswahili chenu si sanifu. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Marekani, Amit Kumar na Nicholas Epley, walichapisha uchunguzi wao. Waliwaambia watu waandike barua za shukrani, kisha wakawauliza waliozipokea. Walioandika walidhani wapokeaji wataona haya kuliko walivyoona, na wakakadiria furaha yao chini ya ilivyokuwa. Waandishi walihangaika juu ya maneno, kumbe wapokeaji walitazama upendo zaidi.

Iwe fupi. Taja kitu chenyewe, na siku, na kilichotokea kwa sababu yake. Usimsifu mtu kwa sifa asizokuwa nazo. Usiweke mahubiri ndani yake, hasa kama mwenye duka ni Mwislamu, maana ukimshukuru mtu ili umbadilishe dini, hapo umeshafungua biashara nyingine. Kama huyu wa kikundi cha ushonaji, ambaye ameturuhusu kunakili:

"Mzee, mwezi wa pili ulitupa jora tatu za kitambaa cha sare bila rehani, na ilikuwa mara yetu ya kwanza kuja kwako. Tumeshona sare 41. Deni tumemaliza Ijumaa. Binti zetu wawili wamerudi shule. Hatukusahau kwamba hukutuuliza maswali mengi. Sisi mama wa ushonaji."

Karatasi zipo kwa katibu wa kanisa. Wasiojua kuandika, au ambao macho yamechoka, waje Jumamosi baada ya mazoezi ya kwaya. Vijana wanne watakaa chini ya mti kama Tertio, na wataandika unachosema, si wanachofikiri wao. Mwishoni utaweka alama kwa mkono wako mwenyewe. Anayetaka barua yake iwe kwa Kinyankole afike mapema, kwa kuwa anayekiandika vizuri ni mmoja tu, na mama za Rubondo wamekwisha kumwekea foleni.